Jicho la Sungura na Vipodozi Vyetu

Mwaka jana nilialikwa katika shule moja ya sekondari kuzungumza na wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne juu ya kemia ya sabuni. Baada ya mazungumzo, mwanafunzi mmoja wa kike alisimama, akatoa mfukoni kichupa cha mafuta ya nywele, akauliza: "Mwalimu, hapa pamechorwa sungura. Je, mafuta haya yametengenezwa kwa sungura?" Wenzake walicheka. Mwalimu wao wa kemia naye alitabasamu, lakini aliponigeukia nilitambua kwamba hata yeye alikuwa akisubiri jibu.

Nilimjibu kwa ufupi kwamba alama ile ina maana kuwa mafuta hayo hayakujaribiwa kwa wanyama. Aliketi, lakini sidhani kama aliridhika, na mimi pia sikuridhika. Kwa nini mafuta ya nywele yajaribiwe kwa sungura? Hujaribiwaje? Na sisi tunaonunua chupa hiyo dukani tunahusikaje na jambo hilo? Makala haya ni jibu refu zaidi kwa mwanafunzi yule, na kwa mwalimu wake.

Maoni yangu nayataja tangu mwanzo ili msomaji ayapime. Naona kwamba kuwatesa wanyama kwa ajili ya kupata aina mpya ya rangi ya mdomo, sabuni ya nywele au dawa ya kusafishia sakafu ni jambo lisilo na haja tena, wala kwa sayansi wala kwa utu. Naona pia kwamba mnunuzi mwenye hiari ya kuchagua anao wajibu wa kuziepuka bidhaa zinazotokana na majaribio hayo. Lakini wajibu huo hautimizwi kwa kutafuta picha ya sungura tu. Unahitaji elimu, na elimu hiyo ni kazi ya walimu wa sayansi.

Chanzo cha majaribio haya

Si haki kudhani kwamba majaribio haya yalibuniwa na watu wakatili. Yalianza kwa nia njema. Mnamo mwaka 1933 nchini Marekani iliuzwa rangi ya kupaka kope iliyoitwa Lash Lure. Ndani yake mlikuwa na kemikali itokanayo na lami ya makaa ya mawe, iitwayo parafenilinidiamini. Rangi hiyo iliwaletea wanawake kadhaa madhara makubwa ya macho, hata upofu, na mmoja wao akafariki. Serikali haikuwa na sheria ya kuiondoa sokoni. Kisha mwaka 1937 dawa moja ya maji iliyochanganywa na kiyeyushi chenye sumu iliwaua watu zaidi ya 100, wakiwamo watoto. Kutokana na maafa hayo, Marekani ilitunga mwaka 1938 sheria mpya juu ya vyakula, dawa na vipodozi.

Sheria hiyo haikuagiza kwamba vipodozi vijaribiwe kwa wanyama. Ilitaka tu visiwe na madhara kwa watumiaji. Lakini wataalamu walihitaji kipimo cha kutambua madhara kabla hayajampata mtu, na wakati huo elimu ya seli na tishu ilikuwa bado changa. Mnyama ndiye aliyekuwa karibu. Mwaka 1944 mtaalamu wa sumu wa serikali ya Marekani, John Draize, pamoja na wenzake, walichapisha utaratibu wa kupima kemikali katika macho na ngozi ya sungura. Utaratibu huo ukaenea duniani kwa jina la jaribio la Draize.

Kabla ya hapo, mwaka 1927, Mwingereza J. W. Trevan alikuwa amebuni kipimo kingine: kutafuta kiasi cha dawa kinachoua nusu ya wanyama wanaopewa. Yeye alikusudia kupima nguvu za dawa chache zilizokuwa ngumu kusawazishwa, kama vile insulini. Baadaye kipimo hicho kilichukuliwa na kutumiwa kwa karibu kila kitu, pamoja na rangi, sabuni na manukato. Hivyo njia iliyobuniwa kwa haja maalumu iligeuka kuwa desturi, na desturi ikafuatwa bila kuulizwa sababu yake.

Jaribio lenyewe

Nitalieleza jaribio la jicho bila kulitia chumvi. Huchukuliwa sungura weupe wenye macho mekundu. Mtaalamu huvuta kope ya chini ya jicho moja, akadondosha humo mililita 0.1 ya kitu kinachopimwa. Jicho la pili huachwa bila kitu ili lilinganishwe na la kwanza. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi kumfunga sungura shingo katika kisanduku chenye tundu, ili asiweze kujikuna wala kufuta jicho kwa mguu. Jicho hutazamwa baada ya saa 1, 24, 48 na 72, na huenda likaendelea kutazamwa hadi siku 21. Mwishoni mwa jaribio, kwa kawaida mnyama huuawa.

Madhara hupewa alama. Katika hesabu ya Draize jumla ya juu kabisa ni 110. Konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, ina alama 80. Sehemu yenye rangi inayozunguka mboni ina 10. Na utando wa ndani ya kope una 20. Alama za konea hupatikana kwa kuzidisha kiwango cha ukungu, kuanzia 0 hadi 4, kwa ukubwa wa eneo lililoathirika, kuanzia 1 hadi 4, kisha kuzidisha kwa 5.

Nayaeleza haya kwa sababu niliyafanya kwa mikono yangu. Mwaka 2009, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya udaktari ng'ambo, nilipelekwa kwa miezi mitatu katika maabara moja ya biashara ili nijifunze kazi ya upimaji. Siku moja tulipewa dawa ya kusafishia sakafu. Dawa hiyo ilikuwa tayari madukani kwa miaka. Kilichokuwa kipya ni harufu yake tu. Sungura walikuwa watatu. Siku ya pili, mimi na mwenzangu tulilitazama jicho la sungura mmoja kila mtu peke yake, kisha tukalinganisha karatasi zetu. Konea yote ilikuwa imeingia ukungu. Mimi niliandika kiwango 2, mwenzangu aliandika 3. Msomaji apige hesabu mwenyewe: kwa kanuni niliyoitaja, mimi nilimpa sungura yule alama 40, mwenzangu 60, ilhali jicho lilikuwa lile lile.

Msimamizi wetu aliamua tuandike 3. Sikusema neno. Nilikuwa mgeni, nilihitaji shahada, na kila mtu mle ndani aliiona kazi ile kuwa ya kawaida. Nilipokuwa mtoto, bibi yangu alinihadithia juu ya Sungura mjanja awashindaye fisi na simba. Kwa elimu ya wanyama, sungura yule wa porini si wa jamii moja hasa na huyu wa kufugwa atumiwaye maabara, lakini jina ni moja, nami sikuweza kulisahau. Huyu wa maabara hakuwa na ujanja wowote. Alichaguliwa kwa sababu macho yake ni makubwa, bei yake ni ndogo, ni mpole, na aghalabu halii anapoumizwa.

Upungufu wa kisayansi

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba huruma si hoja ya kisayansi. Basi na tuiweke huruma kando kwa muda, tulipime jaribio hilo kwa mizani ya sayansi peke yake.

Kipimo chochote chema kina sifa mbili. Ya kwanza ni kwamba watu mbalimbali wakipima kitu kile kile wapate jibu lile lile au lililo karibu. Mwaka 1971 watafiti wawili wa Marekani, Weil na Scala, walichapisha matokeo ya uchunguzi ambamo maabara zaidi ya 20 zilipewa kemikali zile zile zizijaribu katika macho na ngozi ya sungura. Majibu yalipishana mno. Kitu kilichohesabiwa na maabara moja kuwa chenye kuumiza sana kilihesabiwa na nyingine kuwa hakina neno. Fizikia isingekubali mizani inayompa mtu kilo 40 hapa na kilo 60 kule.

Sifa ya pili ni kwamba jibu litoe habari za kweli juu ya kile tunachotaka kukijua. Hapa tunataka kujua habari za jicho la mtu. Jicho la sungura lina kope ya tatu, ambayo sisi hatuna. Konea yake ni nyembamba kuliko yetu. Hupepesa macho kwa nadra na machozi yake ni machache, kwa hiyo kemikali hukaa jichoni mwake muda mrefu zaidi. Tofauti za namna hii zipo katika mwili mzima, wala si kwa sungura tu. Penisilini, iliyookoa maisha ya mamilioni ya watu, yaweza kumuua simbilisi. Parasitamoli tunayomeza kwa maumivu ya kichwa ni sumu kali kwa paka. Chokoleti apendayo mtoto humdhuru mbwa. Sisemi kwamba mnyama hawezi kutufundisha lolote juu ya mwili wa mtu. Historia ya tiba ingenikanusha. Nasema kwamba ushahidi wake una mipaka, na palipo na ushahidi ulio bora, hakuna sababu ya kung'ang'ania ulio hafifu.

Njia nyingine zilizopo

Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walichapisha kitabu juu ya utu katika majaribio ya wanyama. Walishauri mambo matatu: kutumia njia nyingine badala ya mnyama kila inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama pasipo njia nyingine, na kurekebisha utaratibu ili maumivu yawe madogo. Kwa muda mrefu ushauri huo haukusikilizwa sana.

Aliyeufanya usikilizwe katika vipodozi hakuwa mwanasayansi. Alikuwa mwalimu wa sekondari katika jiji la New York, jina lake Henry Spira. Tarehe 15 Aprili 1980 yeye na wenzake walilipia ukurasa mzima wa gazeti la New York Times, wakauliza hadharani ni sungura wangapi wanaopofushwa na kampuni ya Revlon kwa ajili ya urembo. Spira hakuitaka kampuni ifunge milango; aliitaka itoe sehemu ndogo ya mapato yake ili njia nyingine zitafutwe. Kabla mwaka haujaisha, Revlon ilikubali kutoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller. Mwaka uliofuata kituo cha utafiti wa njia mbadala kikaanzishwa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kwa fedha za chama cha watengenezaji wa vipodozi. Mwaka 1989 Revlon na Avon zikatangaza kuacha kuvijaribu vipodozi vyao kwa wanyama.

Fedha hizo, na nyingine zilizofuata, zilizaa matunda. Leo huchukuliwa seli za ngozi ya binadamu, aghalabu za vipande vilivyobaki baada ya upasuaji, zikaoteshwa maabara mpaka zikawa utando wenye tabaka kama ngozi yenyewe. Kemikali hupakwa juu ya utando huo, kisha hupimwa ni seli ngapi zimesalia hai. Mwaka 2010 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) liliiingiza njia hiyo katika miongozo yake ya upimaji wa mwasho wa ngozi. Mwaka mmoja kabla ya hapo lilikuwa limekwisha kubali njia inayotumia konea za ng'ombe waliochinjwa kwa ajili ya nyama. Konea huoshwa, hutiwa kemikali, kisha hupimwa kwa mashine: ni mwanga kiasi gani unaopita, na ni rangi kiasi gani inayopenya. Mashine haibishani na mwenzake juu ya 2 na 3.

Sheria nazo zimebadilika. Uingereza iliacha kutoa vibali vya kujaribu vipodozi kwa wanyama mwaka 1998. Umoja wa Ulaya ulikataza kujaribu vipodozi vilivyokamilika mwaka 2004, ukakataza kujaribu viambato vyake mwaka 2009, na tangu Machi 2013 ukakataza kuuza vipodozi vilivyojaribiwa hivyo, hata kama vilijaribiwa nje ya Ulaya. India ilifuata mwaka 2014. China, iliyokuwa ikidai majaribio ya wanyama kwa vipodozi vyote, ilianza kulegeza masharti mwaka 2014 kwa vipodozi vya kawaida vinavyotengenezwa nchini humo, na mwaka 2021 ikavilegezea kwa masharti fulani vile vinavyoingizwa kutoka nje. Mamilioni ya watu wa nchi hizo wanaendelea kujipaka poda na kuosha nywele zao bila kupungukiwa na kitu.

Lazima niseme ukweli upande wa pili pia. Njia mpya hupima vizuri mwasho wa ngozi na madhara ya jicho. Lakini kuhusu kemikali mpya kabisa itakayoingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka mingi, au itakayomfikia mtoto aliye tumboni, njia zisizotumia mnyama bado hazijatosheleza. Wengine huona kwamba hapa ndipo hoja yangu inapovunjika. Mimi naona kinyume chake. Ikiwa hatuwezi kuijua kemikali mpya bila kutesa wanyama, na kemikali hiyo ni ya kung'arisha kucha, basi tunaweza kuiacha. Viambato vilivyokwisha kujulikana kwa miaka mingi vinatosha kutengeneza sabuni, mafuta na manukato ya kila aina.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza ni kwamba nikikataa majaribio haya, sina budi kukataa pia dawa na chanjo. Sikubaliani nayo. Mwenye homa hachagui kuugua, bali anayetaka rangi ya mdomo ya aina ya 41 ana aina 40 nyingine mkononi. Maumivu ya mnyama yakiwekwa upande mmoja wa mizani, ni lazima upande wa pili kuwe na kitu chenye uzito. Uhai wa mtoto una uzito. Harufu mpya ya dawa ya sakafu haina. Hata katika dawa, ushauri wa Russell na Burch unabaki kuwa wajibu wa kila mtafiti.

Hoja ya pili husemwa sana kwetu: watu wana shida zao, sungura wa nini? Waswahili walisema, "Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu uchungu." Waliisema methali hiyo kumsuta mtu asiyejali maumivu ambayo hayamfikii yeye. Kumwepusha sungura na upofu hakumnyang'anyi mgonjwa kitanda cha hospitali wala mwanafunzi dawati. Mtu anayenunua sabuni hana budi kuinunua. Tunachomwomba ni kuuliza kabla ya kuchagua. Tanzania yenyewe imekuwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, kwa hiyo jambo hili si la kigeni kwetu.

Hoja ya tatu ni kwamba sisi ni wanunuzi wadogo, hatuwezi kuitikisa kampuni ya ng'ambo. Spira alikuwa na mshahara wa mwalimu. Alichokuwa nacho zaidi ni ukweli uliochunguzwa vizuri, na subira.

Tahadhari juu ya picha ya sungura

Sasa narudi kwenye kichupa cha mwanafunzi wetu. Maneno "haikujaribiwa kwa wanyama" yana maana nyingi kuliko yanavyoonekana. Yaweza kuwa na maana kwamba mafuta yaliyokamilika hayakujaribiwa, ilhali viambato vyake vilijaribiwa na kampuni iliyoviuza. Yaweza kuwa kampuni haikujaribu yenyewe bali iliajiri maabara nyingine. Nchini Marekani maneno hayo hayana tafsiri ya kisheria. Hata Ulaya, sheria ya kemikali ya mwaka 2006 yaweza kudai majaribio ya wanyama kwa kiambato fulani kwa ajili ya usalama wa wafanyakazi wa viwandani. Aidha, karibu kila kiambato cha zamani kilijaribiwa wakati fulani. Hilo haliwezi kufutwa. Tunachoweza kudai ni kwamba majaribio mapya yasifanywe.

Zipo alama zinazoaminika kuliko nyingine. Mwaka 1996 vyama vya kutetea wanyama vya Marekani na Kanada viliungana kuanzisha alama ya sungura anayeruka, Leaping Bunny. Kampuni inayotaka kuitumia hutakiwa kuweka tarehe ambayo baada yake yeye na wanaomuuzia viambato hawatajaribu tena kwa wanyama, na kukubali kukaguliwa. Lakini mtu yeyote mwenye kalamu aweza kuchora sungura mwingine apendaye, kwa hiyo tusiishie kwenye picha.

Hatari kubwa zaidi ni kudhani kwamba kisichojaribiwa kwa wanyama, au kinachoitwa cha asili, ni salama. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Krimu na sabuni za kujichubua zenye zebaki huenda hazikumgusa sungura hata mmoja, lakini zebaki huharibu figo za mtu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulitaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika 1,000,000 vikome kutengenezwa na kuuzwa baina ya nchi ifikapo mwaka 2020. Hapa hatuhitaji jaribio jingine. Tunahitaji ukaguzi, ambao kwa upande wa vipodozi nchini Tanzania umo mikononi mwa Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019, na tunahitaji mnunuzi anayejua kusoma.

Mfano wa piko unanisikitisha zaidi. Katika miji ya pwani, maharusi na hata watalii huchorwa maua meusi mikononi na miguuni. Hina ya kweli hutoa rangi ya kahawia yenye wekundu, na huhitaji saa nyingi. Ile nyeusi inayokolea upesi mara nyingi hutengenezwa kwa unga wa rangi ya nywele wenye parafenilinidiamini, kemikali ile ile ya Lash Lure ya mwaka 1933. Ikipakwa moja kwa moja juu ya ngozi, yaweza kuleta malengelenge na makovu, na mwili ukishaizoea vibaya hauisahau. Zaidi ya miaka 90 imepita tangu ubaya wake ujulikane. Wanyama wameteswa na watu wameumia ili elimu hiyo ipatikane, na bado haijamfikia bibi harusi wa Mombasa au Unguja. Kuongeza majaribio mapya huku majibu ya zamani yakilala kabatini ni dharau kwa wote walioumia, mnyama na mtu.

Wajibu wa mwalimu na mwanafunzi

Napendekeza mambo manne yasiyohitaji fedha nyingi.

Kwanza, mwalimu wa kemia awaagize wanafunzi walete chupa na makopo matupu kutoka majumbani: sabuni, losheni, dawa za kusafishia. Wasome viambato, watafute kazi ya kila kimoja, waandike vile wasivyovijua. Bidhaa isiyotaja viambato vyake iwekwe kando na kuhesabiwa kuwa na kasoro, hata kama ina sungura kumi.

Pili, wapime asidi na besi za dawa za kusafishia kwa karatasi ya litimasi au kipimo cha pH. Miongozo ya kimataifa yenyewe inasema kwamba kitu chenye pH ya 2 au chini, au 11.5 au zaidi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa chenye kuunguza, na hakifai kutiwa jichoni mwa mnyama ili kuthibitisha hilo. Mwanafunzi ataona kwa macho yake jinsi kipande cha karatasi kinavyoweza kuchukua nafasi ya kiumbe hai.

Tatu, mwalimu wa biolojia apate macho ya ng'ombe kutoka machinjioni. Wanafunzi wapasue, watoe konea, waone ilivyo angavu, kisha waweke tone la maji juu ya moja na tone la siki juu ya nyingine, walinganishe. Hakuna mnyama atakayeuawa kwa ajili ya somo hilo, nao watakuwa wameelewa msingi wa njia inayotumika leo katika maabara kubwa.

Nne, nyumbani tusidharau vitu vya kale vinavyojulikana: sabuni ya mche, siki, ndimu, magadi. Si kila chombo kinahitaji dawa yake ya pekee yenye rangi na harufu. Panapohitajika bidhaa ya kiwanda, tuulize: nani ametengeneza, kwa viambato gani, na alijuaje kwamba ni salama? Tuiandikie kampuni barua na kuomba jibu. Shule nzima ikiandika, jibu hupatikana upesi zaidi kuliko mtu mmoja akiandika.

Mimi sikusema neno siku ile ya mwaka 2009. Tangu nianze kufundisha, sijamwagiza mwanafunzi wangu hata mmoja kutia kitu jichoni mwa mnyama, na kila mwaka nawaeleza sababu, pamoja na habari ya zile karatasi mbili zilizokuwa na 2 na 3. Kwa mwanafunzi aliyeniuliza, jibu langu kamili ni hili: mafuta yako hayakutengenezwa kwa sungura, na huenda ni kweli kwamba hakuna sungura aliyeumizwa kwa ajili yake. Lakini usiiamini picha peke yake. Geuza kichupa, soma upande wa nyuma, na neno usilolijua mpelekee mwalimu wako.